Kizuizi cha chipu kikitangazwa: fundi wa Mwanza anunue nini, asubiri nini

Taa ya LED inayoning'inia kwenye mtumbwi wa dagaa, usiku wa giza baina ya Mwanza na Ukerewe, imebeba vitu ambavyo mataifa makubwa yanavigombania. LED nyeupe hung'aa kwa sababu ya galiamu iliyomo ndani yake. Kontrola ya sola iliyochaji betri yake mchana hufungua na kufunga mkondo kwa mosfeti, yaani swichi ya kielektroniki. Pembeni kuna dayodi na transista ndogo kama punje ya ulezi. Tangu 2018 Marekani, China, Uholanzi na Japani zimeweka vizuizi juu ya vifaa vya namna hii, juu ya madini yake, au juu ya mashine zinazovitengeneza. Tangazo likisikika redioni, bei huanza kutajwa upya kabla hata mzigo mmoja haujachelewa.

Mwongozo huu ni wa fundi na muuza spea wa Makoroboi, Igoma, Kirumba na Nyegezi, na wa wale wa Sengerema, Geita na visiwani wanaonunua kwao. Unaeleza namna ya kusoma tangazo la kizuizi, kujua kama linagusa rafu yako, na kuamua kama ununue leo, usubiri, au ubadilishe namba ya spea.

Tafuta uzi umekatwa wapi

Chipu hupita hatua nne kabla ya kukufikia. Hubuniwa na kampuni moja. Huchorwa juu ya kaki, yaani bamba jembamba la silikoni, mara nyingi na kiwanda cha kampuni nyingine: TSMC ya Taiwan, Samsung ya Korea Kusini, SMIC ya Shanghai. Kisha kaki hukatwa vipande, na kila kipande hutiwa miguu na kufunikwa kwa plastiki nyeusi. Kazi hiyo ya kufungasha hufanyika sana China, Malaysia na Ufilipino. Mwisho huuzwa. Kizuizi hukata uzi katika hatua moja, na ukishajua ni ipi utajua maumivu yatafika lini, au kama yatafika kabisa.

Kizuizi cha mashine ndicho chenye kelele nyingi, na kwa fundi ndicho kisicho na haraka. ASML ya Uholanzi ndiyo kampuni pekee duniani inayotengeneza mashine za EUV, zile zinazochora kwa mwanga wenye mawimbi mafupi sana, na China haijaruhusiwa kununua hata moja. Tarehe 7 Oktoba 2022 Marekani iliweka mstari ulio wazi zaidi. Viwanda vilivyoko China visiuziwe mashine za kutengenezea chipu za hesabu za nanomita 16 au 14 kushuka, kumbukumbu za DRAM za nanomita 18 kushuka, na kumbukumbu za flashi zenye tabaka 128 au zaidi. Japani ilifuata Julai 2023, Uholanzi Septemba mwaka huohuo.

Kumbuka kwamba namba ya nanomita ikiwa kubwa, teknolojia ni ya zamani. Mosfeti, dayodi, rigulata (vidhibiti volti) na IC, yaani chipu, za chaji zinazouzwa Mwanza ziko mbali sana na mstari huo. Tena, kizuizi kiliyasukuma makampuni ya China kumimina fedha kwenye chipu za nanomita 28 na zaidi, ambazo mashine zake bado zinauzwa. Katika robo ya kwanza ya 2024, 49% ya mauzo ya mashine za ASML yalikwenda China. Vita vya panzi, furaha ya kunguru: viwanda hivyo vinashindana kuuza chipu za kawaida, na ushindani huo unakufaa wewe mnunuzi. Muuzaji akikuambia mosfeti imepanda kwa sababu "Wamarekani wamezuia mashine", mwombe bei ya mtu wa pili.

Kizuizi cha jina la kampuni ndicho kinachouma haraka. Hapa hakizuiwi kifaa cha aina fulani, bali kila kitu kinachotoka au kinachokwenda kwa kampuni moja. Aprili 2018 Marekani iliizuia ZTE kununua vifaa vya Kimarekani, na ndani ya wiki chache kampuni hiyo ikasimamisha shughuli zake kubwa, mpaka ilipokubali kulipa faini ya dola bilioni 1 na kuweka dhamana ya milioni 400 nyingine. Huawei iliingizwa kwenye orodha ya vikwazo Mei 2019. Septemba 2020 TSMC ikaacha kuipelekea chipu, kwa kuwa sheria ilibanwa zaidi ili iguse hata kiwanda cha nje ya Marekani kinachotumia mashine au programu za Kimarekani.

Ila kisa ambacho fundi wa spea anapaswa kukielewa vizuri kuliko vyote ni cha Nexperia. Kampuni hii makao yake ni Nijmegen, Uholanzi, na mmiliki wake ni Wingtech ya China. Haitengenezi chipu za akili bandia. Inatengeneza dayodi, transista na mosfeti ndogo, vitu vya bei ya chini kabisa. Tarehe 30 Septemba 2025 serikali ya Uholanzi ilitumia sheria ya zamani ya dharura kushika usimamizi wake. Tarehe 4 Oktoba China ikazuia bidhaa zake zilizofungashwa China zisitoke nje. Kaki huchorwa Hamburg na Manchester, lakini takriban 70% hufungashwa Dongguan, mkoa wa Guangdong. Uzi ulikatwa kwenye kufungasha. Honda ikasimamisha uzalishaji kwenye kiwanda chake cha Mexico kwa kukosa vipande ambavyo kimoja hakinunui hata andazi. Novemba China ililegeza kwa bidhaa za matumizi ya kiraia, na Uholanzi ikasitisha amri yake, ingawa ugomvi kati ya ofisi za Uholanzi na za China uliendelea.

Kwa hiyo usipime hatari kwa ukubwa wa teknolojia. Chipu kubwa ya dola elfu nyingi haimo dukani kwako. Dayodi imo.

Kizuizi cha malighafi kina mwendo wake. China huzalisha karibu 98% ya galiamu ghafi ya dunia. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2023 iliweka leseni kwa galiamu na gerimaniamu zinazouzwa nje ya nchi, Desemba 2024 ikapiga marufuku kuziuza Marekani, na Novemba 2025 ikasitisha marufuku hiyo kwa muda. Watu wa taa huogopa habari kama hizi. Hamna haja. LED moja ina galiamu kidogo mno, nayo hutengenezwa hukohuko China, ambako madini yanabaki na hayakosekani. Anayeumia ni kiwanda cha LED au cha chaja za galiamu kilichoko Ulaya au Marekani. Bei ya LED ikipanda Mwanza, tazama thamani ya shilingi dhidi ya dola na nauli ya mzigo kwanza.

Ushuru ndio unaosingiziwa zaidi. Tarehe 1 Januari 2025 Marekani ilipandisha ushuru wa chipu za China kutoka 25% hadi 50%, na Aprili mwaka huo ushuru wa bidhaa za China kwa jumla ukafika 145% kabla ya kushushwa mwezi Mei. Ushuru huo unalipwa na mwagizaji wa Marekani akiingiza mzigo Marekani. Mzigo wa Guangzhou kuja Dar es Salaam hauugusi. Wewe unalipa ushuru wa forodha wa Tanzania, VAT ya 18% na tozo nyingine za kuingiza mzigo nchini. Kiwanda kilichokosa soko Marekani hutafuta wanunuzi kwingine, na huo ndio wakati wa kuomba punguzo.

Soma tarehe mbili

Kila tangazo lina siku ya kutangazwa na siku ya kuanza kazi. Katikati ya siku hizo wanaozuiwa hununua kwa fujo na kuweka akiba, bei hupanda, na siku ikishapita mara nyingi hutulia. Galiamu ilitangazwa tarehe 3 Julai 2023 ianze Agosti Mosi, karibu mwezi mmoja. Uholanzi ilitoa ishara Machi 2023, ikaanza Septemba. Huawei ilipewa miezi kadhaa mwaka 2020 na ikaitumia kujaza maghala.

Ukiona muda mrefu kati ya tarehe hizo, na kifaa chako kina watengenezaji zaidi ya mmoja, usinunue kwenye kilele. Subiri. Ukiona muda wa siku tatu, kama Japani ilipoizuia Korea Kusini kemikali tatu za kutengenezea chipu na vioo Julai 2019, au hakuna muda kabisa kama Nexperia, hapo akiba ndiyo kinga pekee, na akiba hainunuliwi siku hiyo. Oktoba ina mtego wake wa ziada: kuanzia tarehe 1 viwanda na maduka ya China hufungwa karibu wiki nzima kwa sikukuu ya taifa, na amri ya Nexperia iliwakuta wengi likizoni. Mwaka mpya wa Kichina, Januari au Februari, hufunga kwa muda mrefu zaidi. Agizo lako liwe limelipwa wiki tatu kabla.

Inafaa pia kujua anayezuiwa hufanya nini baadaye, kwa sababu hapo ndipo bidhaa mpya zinapotokea. Korea Kusini ilitafuta wazalishaji wake wa kemikali, na Japani ilipoondoa vizuizi Machi 2023 wateja wengine walikuwa wameshazoea kwingine. Huawei ilitoa simu ya Mate 60 Pro Agosti 2023 ikiwa na chipu ya nanomita 7 iliyotengenezwa na SMIC, bila mashine ya EUV. Kuchora vistari vidogo kwa mashine za zamani kunawezekana kwa kupitisha kaki mara nyingi zaidi, lakini kila pito linaongeza gharama na vipande vinavyoharibika. Anayezuiwa hachoki kutafuta njia. Hulipa zaidi na huchelewa miaka kadhaa.

Panga rafu kwa idadi ya watengenezaji

Chukua daftari. Andika kila spea unayouza kwa wingi, na mbele yake majina ya makampuni yanayoitengeneza. Datashiti, yaani karatasi ya maelezo ya spea kutoka kwa mtengenezaji, hupatikana bure mtandaoni, na jina la kampuni liko ukurasa wa kwanza. Utaona mgawanyiko mara moja.

Spea zenye watengenezaji watatu na kuendelea hazina hatari kubwa. Mfano mzuri ni 2N7002, mosfeti ndogo ya volti 60 iliyomo kwenye bodi nyingi. Nexperia inaitengeneza, na pia onsemi, Diodes Incorporated na Vishay. BC847 ni vivyo hivyo. Kiwanda cha magari hakiwezi kuhama kutoka kampuni moja kwenda nyingine bila majaribio ya miezi, ndiyo maana Honda ilikwama. Fundi wa Igoma anahama mchana mmoja. Huo ni uhuru mkubwa, utumie.

Spea za Kichina tupu, kama TP4056 ya kuchajia betri ya lithiamu, hazitegemei kampuni ya nchi nyingine na zipo tele. Weka kwa kiasi. Usisahau tu kwamba mkondo wake unawekwa na rezista moja: kilo-omu 1.2 hutoa miliampea 1000, kilo-omu 2 hutoa takriban 580, na kilo-omu 10 hutoa 130. Bodi zilizo tayari huja na ya 1.2. Betri ndogo ya tochi ya miliampea-saa 500 ukiipa ampea nzima utaichemsha, kwa hiyo badilisha rezista kwanza.

Zinazotaka akiba nzito ni zile za mtengenezaji mmoja: IC za nguvu za simu fulani, mikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) iliyokwisha kuandikwa programu, IC ya kioo cha aina moja. Hizi hazina mbadala, na zikikatika utavunja bodi za mtumba kuzipata.

Kubadilisha namba bila kuunguza bodi

Mbadala hauchaguliwi kwa sura. Kwenye kontrola ya sola tazama mambo manne kwa mpangilio huu.

Volti kwanza. Paneli ya mfumo wa volti 12, ikiwa haina mzigo juani, hutoa volti 21 hadi 22. Mbili zikiunganishwa mfululizo kwa mfumo wa volti 24, zinafika 44. Dayodi ya SS34 au 1N5819 huvumilia volti 40: inatosha kwa 12, inakufa kwa 24. Weka SB560 ya ampea 5 na volti 60, au ya volti 100 ukiipata. Mosfeti ya IRFZ44N ni ya volti 55. Kwa mfumo wa 24 inabaki na nafasi ya volti 11 tu, na mruko mdogo wa waya mrefu wa paneli unaimaliza. Kwa mfumo huo tumia IRF540N ya volti 100 ikiwa mkondo ni mdogo, au IRFB4110, pia ya volti 100, ikiwa mkondo ni mkubwa.

Pili, ukinzani wa mosfeti inapopitisha mkondo. IRFZ44N ina miliomu 17.5, IRF540N ina 44. Kwa ampea 10, ya kwanza inatoa joto la wati 1.75 na ya pili wati 4.4. Ukibadilisha ya kwanza kwa ya pili bila kuongeza bamba la kupozea, kontrola itarudi kwako ndani ya wiki.

Tatu, volti ya geti, mguu unaoiamuru mosfeti ipitishe mkondo kati ya miguu mingine miwili, dreni na sosi. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kontrola nyingi za bei ndogo huendesha geti kwa volti 5 moja kwa moja kutoka kwenye mikrokontrola. IRFZ44N inataka volti 10 ili ifunguke kabisa. Kwa 5 inafunguka nusu na kuchemka. Inayofaa ni IRLZ44N, yenye herufi L. Pima geti ikiwa kazini kabla ya kuchagua.

Nne, mpangilio wa miguu. Kwa umbo dogo la miguu mitatu, 2N7002 ina geti mguu wa 1, sosi wa 2, dreni wa 3. BC847 ina besi, emita, kolekta. Zinafanana kama mapacha mezani. Alama iliyoandikwa mgongoni haisaidii peke yake, kwa sababu kila kampuni ina alama zake, na herufi zilezile zinaweza kumaanisha vifaa viwili tofauti.

Kwa wanaotengeneza bodi zenye mikrokontrola ya STM32F103, uhaba wa 2021 uliongeza sokoni chipu za GD32 na nyingine zinazokaa kwenye miguu ileile. GD32F103 ni chipu halali ya GigaDevice na hukimbia hadi megahezi 108 badala ya 72. Ubaya ni zile zilizofutwa jina na kuandikwa STM32. Ukiunganisha programa, yaani kifaa cha kuiandikia chipu programu, chipu halisi hujitambulisha kwa 0x1BA01477. Ikikujibu 0x2BA01477, umeuziwa nyingine. Mara nyingi itafanya kazi, ila programu zinazotegemea muda sahihi hasa huyumba, na hupaswi kulipa bei ya STM32.

Kupima feki kabla ya kulipa mzigo mzima

Kizuizi kikitangazwa, feki huongezeka, kwa sababu mnunuzi mwenye hofu hapimi. Nunua kumi kwanza, pima tatu.

Feki ya mosfeti kwa kawaida ni mosfeti ya kweli yenye kipande kidogo cha silikoni, iliyoandikwa namba kubwa. Maltimita kwenye alama ya dayodi haitaigundua: waya mwekundu kwenye sosi na mweusi kwenye dreni utasoma volti 0.4 hadi 0.6 hata kwa feki. Kipimo cha kweli kinataka betri ya volti 12 na taa ya indiketa ya gari ya wati 21, vitu ambavyo havikosekani gereji yoyote ya Mwanza.

1. Unganisha sosi kwenye hasi ya betri.
2. Unganisha taa kati ya chanya ya betri na dreni.
3. Peleka volti 12 kwenye geti kupitia rezista ya kilo-omu 1. Taa iwake kwa nguvu yake yote.
4. Weka maltimita kwenye milivolti, ncha zake ziguse miguu ya dreni na sosi yenyewe, kwenye mzizi karibu na plastiki. Ukigusa waya badala ya miguu, utapima ukinzani wa waya na kumshuku muuzaji bure.
5. Taa hiyo huvuta takriban ampea 1.75, kwa hiyo IRFZ44N ya kweli isome milivolti 30 hivi au chini. Ikisoma 70, 100 au zaidi, rudisha.
6. Ondoa waya wa volti 12 kwenye geti, kisha unganisha geti na sosi. Taa izime kabisa. Ikibaki na wekundu hafifu, inavuja.

Rigulata ya LM2596 ina feki yake maarufu. Ya kweli hukata mkondo mara 150,000 kwa sekunde. Maltimita yenye kipimo cha hezi, ukiigusisha mguu wa 2, isome kilohezi 150 hivi. Feki nyingi husoma karibu 50. Koili ya bodi imepimwa kwa 150, kwa hiyo kwa 50 inalemewa, inachemka, na ampea 3 zilizoandikwa hazitoki. Kama ulishanunua, iuze kama rigulata ya ampea 1 na umwambie mteja hivyo.

Kumbukumbu za simu zinataka uangalifu wa pekee. Nusu ya pili ya 2025 bei za kumbukumbu zilipanda sana, na sababu kubwa haikuwa kizuizi: Samsung, SK Hynix na Micron, zinazoshika sehemu kubwa mno ya soko la DRAM, zilielekeza viwanda kwenye kumbukumbu za kompyuta za akili bandia. Bei ikipanda hivyo, eMMC za mtumba, yaani chipu za hifadhi ya simu, husafishwa na kuuzwa kama mpya. Ukiwa na kisomeo cha eMMC, fungua rejista ya EXT_CSD, tazama baiti ya 268 na 269. Thamani 0x01 ina maana umri uliotumika haujazidi 10%. 0x0A ni 90 hadi 100%. 0x0B imekwisha. Baiti ya 267 ikionyesha 0x02 au 0x03, nafasi za akiba zinaelekea kuisha. Chipu iliyozidi 0x05 usiifunge kwenye simu ya mteja anayetaka dhamana.

Kiasi cha kuweka

Hesabu matumizi ya wiki, zidisha kwa wiki ambazo mzigo huchukua tangu kulipa mpaka kuushika, ongeza akiba. Tuseme unatengeneza kontrola 10 kwa wiki, kila moja mosfeti 2, na mzigo wa meli wa kuchangia kontena unachukua wiki 8. Hiyo ni mosfeti 160. Kwa spea yenye watengenezaji wengi ongeza robo, agiza zikibaki 200. Kwa yenye mtengenezaji mmoja ongeza mara moja nyingine, agiza zikibaki 320.

Lakini mosfeti za umbo la TO-220 zina uzito wa gramu 2 hivi kila moja. Mia mbili hazifiki nusu kilo. Zije kwa ndege, na hesabu ya wiki 8 inapungua sana. Meli iachie makasha ya taa, waya, paneli na betri. Betri za lithiamu zina masharti magumu ya usafiri wa ndege, na mzigo wako wote unaweza kuzuiwa kwa ajili yake.

Kalenda ya ziwa nayo ihesabiwe. Wavuvi wa dagaa hupumzika mbalamwezi ikikolea, na siku hizo ndizo taa na kontrola zinapoletwa mjini. Mwezi ukianza kukua, spea ziwe zimeshafika, si zimo njiani Dar es Salaam zikiwa na zaidi ya kilomita 1,100 mbele yake. Anayekosa kumaliza kazi kabla giza halijarudi humkosesha mvuvi siku za kazi, na mvuvi huyo harudi.

Dai risiti ya EFD kwa kila mzigo unaonunua nchini, na kwenye ankara namba kamili ya spea iandikwe pamoja na jina la mtengenezaji. Ikiandikwa "transistor assorted" huna pa kuegemea ukitaka kurudisha feki.

Simu, kwa kifupi

Tecno, Infinix na itel ni za Transsion ya Shenzhen, na chipu zake nyingi ni za MediaTek na Unisoc. Helio G85 na Unisoc T606 ni za nanomita 12, SC9863A ni ya 28. Nanomita 12 iko chini ya ule mstari wa 2022, lakini mstari unahusu viwanda vilivyoko China, na chipu hizi huchorwa na TSMC ya Taiwan kwa matumizi ya kawaida ya simu. Hakuna sababu ya kuzikimbilia.

Huawei ni habari nyingine. Tangu Mate 30 ya Septemba 2019 simu zake mpya hutoka bila huduma za Google. Zile zinazouzwa China zenye HarmonyOS 5, mfumo endeshi wa Huawei yenyewe, haziendeshi programu za Android moja kwa moja. Mteja aambiwe hivyo kabla hajalipa. Huduma za pesa za kupiga nyota zitafanya kazi, ila programu anayoitaka huenda isifunguke. Simu yoyote ya mtumba, piga *#06#, tuma namba ya IMEI kwa ujumbe kwenda 15090, linganisha jibu na simu iliyo mkononi.

Ombi la kukataa

Chipu za akili bandia, kama H100 ya Nvidia, haziruhusiwi kuuzwa China bila leseni, na wapo wanaotafuta majina ya biashara katika nchi ambazo hazimo kwenye kizuizi. Ombi huja kwa upole: upokee makasha machache kwa leseni yako ya biashara, uyapeleke kwa mtu mwingine nchi ya tatu, ulipwe asilimia. Dalili zake ni kwamba hutakiwi kufungua kasha, malipo ni makubwa kuliko kazi, na unaombwa kusaini tamko la matumizi ya mwisho kusema vifaa vitabaki kwako.

Usisaini. Tamko hilo ndilo kifungo chenyewe. Jina la biashara yako likiingia kwenye orodha ya vikwazo, wauzaji wengi wa nje wataacha kukuuzia, na benki inaweza kuyazuia malipo yako ya dola hata unaponunua dayodi. Ukiombwa hivyo, hifadhi mawasiliano, usitoe nakala ya leseni wala TIN, na umwonyeshe wakala wako wa forodha aliyesajiliwa kabla kasha lolote halijaandikwa jina lako.